Sola, Betri na LUKU Kwenye Nyumba Moja: Mwongozo kwa Mkazi wa Dar

Juni mwaka jana mama mdogo alinipigia simu kutoka Kigamboni. Wiki sita kabla ya hapo alikuwa amefunga sola: paneli sita juu ya bati, inveta ya kilowati 5 (kifaa kinachogeuza umeme wa jua na wa betri uwe wa kutumia nyumbani), na betri ya lithiamu imebandikwa ukutani kwenye korido kama kabati la vyombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hili jua lenu mbona linakula LUKU?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kabla ya sola nyumba yake ilikuwa inamaliza uniti nane kwa siku. Baada ya sola ikawa inamaliza tisa.

Nilipofika sikukuta kifaa kibovu hata kimoja. Inveta ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio iliotoka nao kiwandani: nyumba inaendeshwa na umeme wa TANESCO, na betri inajazwa na chochote kinachowahi, jua au LUKU. Kwa hiyo betri ilikuwa imejaa usiku na mchana, inasubiri umeme ukatike. Jua likichomoza halina pa kuingia. Na inveta yenyewe, ambayo hula wati 40 hadi 60 kwa kuwaka tu, ikawa imeongeza uniti moja na ushee kila siku. Mama mdogo alikuwa amenunua mtambo wa mamilioni, halafu ukawekwa kufanya kazi ya jenereta la dharura.

Mwongozo huu ni wa mtu kama yeye. Ana umeme wa TANESCO nyumbani, anataka kuongeza sola na betri, na hana mpango wa kuikimbia gridi. Hilo la mwisho linabadilisha hesabu nzima. Mtu wa kijijini asiye na nguzo karibu lazima anunue betri ya kumvusha siku tatu za mawingu. Wewe nguzo iko mlangoni. Betri yako ni ya kuvusha usiku mmoja, basi. Masika ikikaa wiki nzima, LUKU ipo.

Hatua ya 1: Wiki moja ya daftari

Usianzie Kariakoo. Anzia kwenye mita. Kwa siku saba, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU uziandike. Siku ukiingiza tokeni, andika pia uniti ulizoingiza, la sivyo hesabu itakuvuruga. Tofauti ya jioni na asubuhi ndiyo usiku wako. Tofauti ya asubuhi na jioni ndiyo mchana wako.

Karibu kila mtu mjini anajua ananunua umeme wa shilingi ngapi kwa mwezi. Anayejua usiku wake unakula uniti ngapi ni wa kutafuta kwa tochi, na hiyo ndiyo namba ya kununulia betri. Mchana paneli zinalisha nyumba moja kwa moja bila kupitia betri. Betri inabeba tu kile ambacho jua lilibakisha, ikipeleke kwenye feni na friji saa za giza.

Daftari la mama mdogo lilitoa usiku uniti 4, mchana uniti 4. Nitatumia namba hizo hadi mwisho. Wewe weka zako.

Ukiwa na daftari mkononi, zunguka nyumba na usome vibandiko nyuma ya vifaa. Feni ni wati 50 hadi 75. Friji la kawaida halivuti nyingi, wati 150 hivi, lakini kwa siku nzima linaweza kumaliza uniti 1 hadi 1.5 kwa sababu halilali. Pampu ya maji ya nguvu farasi 0.75 ni kama wati 550, na inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo kwa sekunde moja au mbili. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakaribia wati 1,000. Kisha kuna wale walafi: pasi, birika, jiko la umeme, na hita ya kuogea ambayo peke yake huvuta wati 3,500 hadi 5,500. Walafi waandikie ukurasa wao. Hawa hawatapita kwenye betri.

Hatua ya 2: Uliza kama inakulipa

Hapa nitasema jambo ambalo muuza sola hatakwambia. Ukiwa kwenye kundi la D1, wale wa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja unainunua shilingi 100, na ukiongeza kodi na tozo inakuwa 122. Hakuna betri itakayoshindana na bei hiyo. Nunua taa mbili za kuchaji na kibetri kidogo cha kuwashia ruta na simu siku umeme ukikatika, hela nyingine fanyia kitu kingine.

Ukiwa kwenye T1, kundi la kawaida la wanaotumia zaidi ya hapo, mambo ni tofauti. Uniti ni shilingi 292, ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inafika 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28, ukiacha ile mara ya kwanza ya mwezi ambapo kodi ya jengo inakatwa humohumo. Uniti nane kwa siku ni 240 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 85,000.

Sasa pima betri kwa kipimo hichohicho. Betri ya lithiamu ya uniti 5 ukiitumia uniti 4 kila usiku, na ikavumilia mizunguko 4,000 ya kujazwa na kutumiwa, itakuwa imekubebea uniti 16,000 katika maisha yake. Chukua bei uliyotajiwa dukani, gawa kwa 16,000. Mfano wa hesabu tu: ikiwa ni milioni 3, kila uniti iliyopita kwenye betri imekugharimu kama shilingi 188, kabla hujaweka gharama ya paneli na inveta. Inaingia chini ya 356, lakini nafasi iliyobaki si kubwa kama tangazo linavyodai. Uniti ya jua unayoitumia mchana moja kwa moja ndiyo ya bei rahisi kuliko zote, kwa kuwa haikupita kwenye betri. Kumbuka hilo tukifika hatua ya mipangilio.

Mwenye saluni, mwenye friza la samaki au anayefanyia kazi nyumbani ana hesabu ya ziada: siku umeme usipokuwepo anapoteza kiasi gani? Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mashine za Bwawa la Julius Nyerere hazijaanza kuingia moja moja, hawahitaji kuelezwa.

Hatua ya 3: Betri kwanza

Chukua usiku wako, uniti 4. Ongeza asilimia 10 inayopotea ndani ya inveta, unapata 4.4. Betri ya lithiamu usipange kuitumia zaidi ya asilimia 80 au 90. Gawa 4.4 kwa 0.8, unapata 5.5. Betri zinazouzwa sana ni za volti 51.2 na ampea-saa 100, ambazo ukizidisha ni wati-saa 5,120, yaani uniti 5.12. Moja inamtosha mama mdogo, ikipungukiwa kidogo LUKU inamalizia alfajiri. Usikubali kusukumiwa ya pili "kwa usalama". Kama betri ina mfumo unaoruhusu kuongeza nyingine pembeni, na nyingi zinaruhusu, ongeza baada ya miezi sita ukiona haja.

Tafuta aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4 au LFP. Inavumilia joto la Dar kuliko aina nyingine za lithiamu, na ni ngumu kushika moto.

Betri za asidi? Mimi mwenyewe nilianza nazo. Nne, za volti 12 na ampea-saa 200, zile zinazoitwa kavu. Kwenye karatasi ni uniti 9.6, nikajiona tajiri. Hakuna aliyeniambia kwamba betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, wala kwamba kila nyuzijoto 10 zikizidi 25 maisha yake yanapungua karibu nusu. Niliziweka stoo, chini ya bati, na kila usiku nikazikausha. Baada ya miezi kumi na nane zilikuwa hazimalizi taarifa ya habari.

Jambo moja linalosahaulika: betri ina kikomo cha kutoa kwa mkupuo. Betri moja ya uniti 5 mara nyingi imeandikwa ampea 100, na mtengenezaji hupendekeza 50 kwa matumizi ya muda mrefu. Ampea 50 ni kama wati 2,500. Kwa hiyo inveta ya kilowati 5 juu ya betri moja haimaanishi unaweza kuwasha kilowati 5 usiku. Pasi na pampu kwa pamoja, betri itajifunga na nyumba itazima, halafu lawama zitaenda kwa fundi.

Hatua ya 4: Paneli

Dar, kilowati moja ya paneli hutoa kama uniti 4 kwa siku ya kawaida. Wakati wa masika mimi hupigia hesabu uniti 3, na siku ya mvua ya kutwa hata 1 ni bahati. Mahitaji ya mama mdogo: mchana 4, pamoja na usiku 4 ambazo zikipotea njiani kidogo zinahitaji 4.7 kuingizwa. Jumla 8.7. Gawa kwa 3, unapata kilowati 2.9. Paneli sita za wati 550 ni kilowati 3.3. Zinatosha, na siku za jua kali kuanzia Oktoba zitazidi.

Mwelekeo usikunyime usingizi. Tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linatupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, kuanzia Oktoba hadi Machi, miezi ya joto, liko upande wa kusini, miezi mingine yote liko kaskazini. Paneli ikitazama kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi inatosha kabisa, na mwinamo huo ni muhimu zaidi kwa mvua kuteremsha vumbi. Paa lako likiwa linaelekea mashariki na magharibi, weka nusu kwa nusu. Hasara ni ndogo. Usichanganye tu pande mbili kwenye mnyororo mmoja wa paneli (zile zilizoungwa moja nyuma ya nyingine), kwa sababu mnyororo hutembea kwa mwendo wa paneli dhaifu.

Kivuli ndicho adui. Panda juu saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, uone kivuli cha mwembe, cha mnara wa simtanki na cha ghorofa la jirani kinaangukia wapi. Na ghorofa ambalo halijajengwa? Ukiwa Sinza au Kariakoo, kiangalie kiwanja cha jirani kwa jicho la kesho.

Acha nafasi ya angalau sentimita 10 kati ya paneli na bati ili upepo upite. Paneli hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzijoto juu ya 25. Ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida Januari, ile ya 550 inatoa kama 480. Fundi akague kenchi na papi kabla ya kupandisha, maana paneli moja ya ukubwa huu ina kilo zaidi ya 25. Waishio Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi na kwingine kunakofikiwa na upepo wa bahari: reli za aluminiamu na boliti za chuma kisichopata kutu. Boliti za kawaida zitakuwa unga kabla betri haijachoka.

Hatua ya 5: Inveta

Kuna aina tatu, na wauzaji huziita zote "haibridi" au "inveta ya sola" kwa furaha tu.

Ya kwanza hutegemea gridi. Haina betri, inasukuma umeme wa jua kwenye nyaya za nyumba na za TANESCO. Umeme ukikatika nayo inazima hapohapo, hata jua likiwaka. Imetengenezwa hivyo makusudi: fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa asije akauawa na umeme unaotoka kwako. Wengi huishia kuinunua kwa bei nafuu kisha wanashangaa wakati wa mgao.

Ya pili ni haibridi kamili. Ina betri, inaweza kurudisha umeme kwenye gridi, na gridi ikizima inajitenga na kuendelea kulisha nyumba.

Ya tatu ndiyo imejaa madukani. Inapokea jua, betri na TANESCO, inachagua itumie kipi, lakini haiwezi kurudisha hata wati moja kwenye gridi. Kwa nyumba nyingi za Dar mimi napendekeza hii. Ni ya bei nafuu, na haiwezi kugombana na mita ya LUKU.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mita za malipo ya kabla zimetengenezwa kupima umeme unaoingia kwako. Ukizisukumia umeme kinyumenyume, nyingine huuhesabu kama matumizi na kukata uniti zako, nyingine huhisi zinachezewa na kujifunga. Kanuni za kupimiana umeme na TANESCO, yaani unaowapa unapunguzwa kwenye unaochukua, zipo tangu 2018, lakini njia hiyo inataka maombi, makubaliano na mita inayosoma pande zote mbili. Kama hujapitia huko na una haibridi kamili, hakikisha fundi amezima kabisa urudishaji na ameweka kile kihisi kinachobana waya mkuu ili inveta ijue ikome wapi.

Angalia pia mambo mawili kwenye kibandiko. Wimbi la umeme liwe safi, lile linaloandikwa "pure sine wave", ama sivyo friji na pampu zitaunguruma na kufa mapema. Na volti ya juu ya paneli: paneli ya 550 ikiwa haijabebeshwa mzigo hutoa karibu volti 50, kwa hiyo sita kwenye mnyororo ni volti 300. Inveta inayokubali 450 au 500 haina shida. Ile ya 145 utaiunguza siku ya kwanza. Yenyewe hutaka mbilimbili.

Hatua ya 6: Dukani

Nenda na mizani ya macho na utepe wa kupimia. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri ya sasa hutoa kama wati 210 hadi 230. Paneli ya 550 ina urefu wa karibu mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Ukionyeshwa "wati 500" kwenye kipande cha mita moja na nusu ya mraba, muuzaji amechapisha kibandiko, hajatengeneza paneli. Betri ya lithiamu ya uniti 5 ina uzito wa kilo 40 hadi 50. Kijana wa dukani akiinyanyua kwa mkono mmoja huku anapokea simu, shukuru, aga, ondoka.

Dai risiti ya EFD na hati ya dhamana yenye namba ya kifaa. Fundi awe na leseni ya EWURA. Muulize daraja la leseni yake kabla hamjaanza kuzungumza bei.

Hatua ya 7: Kufunga

Kazi hii si ya kufanya mwenyewe. Volti 300 za mkondo mnyoofu (DC) zinaweza kuua. Lakini simama hapo na uangalie haya.

Nyumba igawanywe. Taa, feni, soketi za kawaida, friji na pampu ziende kwenye boksi la breka linalotoka kwenye inveta. Hita, jiko na pasi zibaki moja kwa moja kwa TANESCO. Mafundi wengi huhamisha waya wa moto peke yake na kuacha nyutro ya pamoja. Hapo ndipo breka ya usalama huruka bila sababu na taa zilizozimwa hubaki zikimulika kwa mbali. Moto na nyutro vihamishwe pamoja.

Breka za upande wa paneli ziwe za DC. Breka ya kawaida ya AC, ile ya umeme wa soketi, ikijaribu kukata mkondo mnyoofu, cheche haizimiki, inayeyusha boksi. Kati ya betri na inveta, waya usiwe mwembamba kuliko milimita 35 za mraba kwa inveta ya kilowati 5, na uwe mfupi, na fyuzi iwe karibu na betri. Kinga ya radi iwepo pande zote mbili, na fremu za paneli ziungwe kwenye ethi. Mchanga wa pwani ukikauka hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo ethi ipimwe kwa kipimo, isikadiriwe kwa macho.

Betri ikae ukutani mahali penye hewa, mbali na chumba cha kulala, isipigwe na jua la saa 10. Korido ya mama mdogo ilikuwa chaguo zuri. Stoo yangu haikuwa.

Kuwasha: betri kwanza, kisha paneli, TANESCO mwisho.

Hatua ya 8: Mipangilio, ambapo pesa hupotea

Hapa ndipo nilipokaa siku nzima Kigamboni, na mama mdogo akinisomea namba kwenye kioo cha inveta huku anakuna nazi.

Kwenye inveta nyingi za aina ile ya tatu, programu namba 01 inaamua nyumba ilishwe na nini kwanza. Kiwandani huachwa kwenye TANESCO. Iweke kwenye SBU: jua kwanza, kisha betri, TANESCO mwisho. Programu namba 16 inaamua nani anajaza betri. Iweke kwenye jua pekee. Namba 05 ni aina ya betri; chagua lithiamu, na waya wa mawasiliano kati ya betri na inveta uchomekwe ili inveta isome asilimia halisi badala ya kubahatisha kwa volti.

Kisha kikomo cha kurudi TANESCO. Huku ndiko akili yako inapohitajika, kwa kuwa namba moja haifai mwaka mzima. Wakati umeme umetulia, ruhusu betri ishuke hadi asilimia 20 au 25 ndipo LUKU ichukue. Wakati wa mgao weka 50, ili umeme ukikatika saa 3 usiku uwe na akiba. Ukiambiwa kesho kuna matengenezo kutwa na mawingu yametanda, badili namba 16 kwa usiku huo ili LUKU ijaze betri. Kisha usisahau kuirudisha. Nimesema usisahau kwa sababu mimi nimesahau mara mbili.

Lengo ni hili: jua likichomoza, betri iwe na nafasi ya kulipokea. Betri inayoamka imejaa ni tangi lililojaa kabla ya mvua.

Wakubwa hucheza mchezo huohuo. Kule Kenhardt, Afrika Kusini, kuna mtambo wa megawati 540 za sola wenye betri za megawati-saa 1,140; kazi yake ni kutoa megawati 150 bila kuyumba tangu saa 11 alfajiri hadi saa 3 na nusu usiku. Malawi wana Golomoti tangu 2022, megawati 20 za jua na betri ndogo ya megawati 5, ya kutuliza gridi wingu linapopita. Sisi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, na maji hayo nayo ni betri: jua la Kishapu, kwenye mradi wa sola wa TANESCO mkoani Shinyanga, likiwaka mchana, maji yanaweza kubaki bwawani yakasubiri jioni, saa ambazo kila nyumba ya Dar imewasha taa, feni na televisheni.

Baada ya mipangilio, rudi kwenye daftari kwa wiki mbili. Andika asilimia ya betri saa 12 asubuhi, na saa ambayo inajaa. Ikiamka kila siku juu ya 60, kikomo kiko juu mno au ulinunua betri kubwa. LUKU ikiingia saa 8 usiku kila siku, tafuta nani anakula. Kwa mama mdogo alikuwa friza la barafu za kuuza, linaloganda upya usiku kucha. Tukalifungia kitaima: linazima saa 4 usiku, linawaka saa 2 asubuhi. Friza lililojaa barafu na lisilofunguliwa halitishiki na masaa kumi. Na kwa kuwa betri yake ilikuwa inajaa saa 7 mchana na paneli zinabaki hazina kazi, pampu ya simtanki, mashine ya kufua na hata pasi ya sare za wajukuu (kwa waya wake kupitia inveta, mchana tu, pampu ikiwa imezimwa) vikahamia kati ya saa 6 na saa 9. Hizo ndizo zile uniti za bei rahisi.

LUKU yake ikashuka kutoka uniti tisa hadi moja na nusu.

Hatua ya 9: Matunzo

Osha paneli asubuhi mapema kabla hazijapata moto, kwa maji na kitambaa laini. Maji baridi kwenye kioo cha nyuzi 60 ni kukitafutia ufa. Wakati wa vumbi la kiangazi, osha kila wiki tatu hadi nne. Kunguru wa Dar hawafuati ratiba.

Mwezi wa kwanza, muite fundi akaze nati zote za nyaya za betri na breka. Zikishapata moto na kupoa mara kadhaa hulegea, na nati iliyolegea ndiyo huanzisha moto. Baada ya hapo mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Feni za inveta nazo zipulizwe vumbi.

Ukisafiri wiki mbili kwenda mkoani, zima pampu na usiache betri imelala tupu. Lithiamu inapenda kulala ikiwa na nusu hivi.

Juzi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mama mdogo akanipigia saa 12 na nusu, daftari liko mkononi, nasikia analifungua. "Mwanangu, betri imebaki asilimia 31 na huku ni giza tupu. Nifanye nini?" Nikamwambia sare za wajukuu azipige pasi kesho.